Uzi: Kabla hujabadilisha prosesa ya kompyuta yako ya zamani ya kuchezea gemu

Mwenye uzi

Wakuu, nawasalimu nyote. Nafungua uzi huu kwa sababu ya jambo ambalo limeniuma kwa muda mrefu. Kila baada ya wiki chache hunijia kijana aliyedunduliza miezi minne au mitano ili abadilishe prosesa, na tukikaa dakika kumi mbele ya mashine yake tunagundua moja kati ya mambo mawili: ama prosesa haikuwa tatizo hata kidogo, ama ile aliyokwisha kuinunua haikubaliki kwenye ubao mama wake. Fedha hiyo hairudi, kwa kuwa muuzaji wa vifaa vya mtumba akishakukabidhi kifaa kinachowaka, biashara imekwisha.

Nitaanza na mashine yangu mwenyewe, kwani ndiyo niliyoipima kwa mikono yangu. Ni Dell OptiPlex 9020 ya mnara, mashine ya ofisini iliyomaliza kazi yake Ulaya ikafika Dar es Salaam kama mtumba. Nadhani nusu ya wasomaji wa uzi huu wana hii au ndugu yake wa HP. Ilikuja na Core i5-4570, prosesa ya mwaka 2013 yenye viini vinne (sehemu zinazofanya hesabu) na nyuzi nne za kazi (mikondo ya kazi inayokwenda kwa wakati mmoja), inayopanda hadi GHz 3.6. RAM ilikuwa gigabaiti 8 katika kijiti kimoja. Nikaiongezea kadi ya picha ya GTX 1650, ile isiyohitaji waya wa ziada wa umeme, kwa sababu pawa saplai yake ni ya wati 290 tu na kadi hiyo hutosheka na wati 75 zinazopita kwenye nafasi yake ya ubao.

Tatizo lilikuwa hivi. Nikicheza GTA V na kuendesha gari kwa kasi katikati ya mji, picha ilikuwa inaganda kwa muda wa kufumba na kufumbua, kisha inaendelea, kisha inaganda tena nikikata kona. Kaunta ya fremu, yaani picha moja moja zinazounda mwendo, ilionyesha zaidi ya 60 kwa sekunde, namba ambayo mtu akiisoma atasema mashine haina shida yoyote. Karibu kila niliyemweleza aliniambia ninunue kadi kubwa zaidi ya picha. Ningewasikiliza, ningepoteza fedha zangu bure.

Nilichofanya ni kupakua MSI Afterburner, programu isiyolipiwa, nikaiamuru ionyeshe juu ya skrini mambo matatu wakati gemu inaendelea: matumizi ya kila uzi wa prosesa peke yake, matumizi ya kadi ya picha, na muda ambao kila fremu inachukua kutengenezwa. Nilipoingia mjini nyuzi zote nne zilikuwa zimegota juu, zikicheza kati ya asilimia 97 na 100, huku kadi ya picha ikitumika kama asilimia 60. Kadi ilikuwa imekaa inasubiri kazi. Prosesa ndiyo inayopanga mahali gari lilipo, watu wanaotembea, fizikia ya migongano na amri za kuchora zinazopelekwa kwenye kadi, na isipomaliza kwa wakati kadi haina cha kuchora.

Kuna jaribio rahisi zaidi kwa asiyependa namba nyingi. Shusha ukubwa wa picha ndani ya gemu kutoka 1080p hadi 720p, kisha rudi mahali palepale ulipokuwa unacheza. Fremu zikipanda sana, basi kadi ya picha ndiyo iliyokuwa inabana, na prosesa mpya haitakusaidia. Zikibaki palepale, prosesa au RAM ndiyo inayobana, kwa sababu umeipunguzia kadi mzigo na hali haikubadilika. Naomba mtu asitoe hata shilingi moja kabla ya kufanya jaribio hili.

Hata baada ya kujua kwamba prosesa inabana sikukimbilia dukani. Kwanza nilinunua kijiti cha pili cha RAM cha gigabaiti 8, kinachofanana na cha kwanza. Prosesa hizi zina njia mbili za kufikia RAM, na mwenye kijiti kimoja anatumia njia moja tu, yaani nusu ya upana wa barabara. Mashine nyingi za mtumba huuzwa na kijiti kimoja. Kuganda kulipungua kwa kiasi nilichokiona kwa macho, kwa gharama ndogo kuliko prosesa yoyote. Halafu nikafungua feni ya prosesa. Chini yake, kati ya mapezi ya bati la kupoozea, vumbi lilikuwa limeshikana kama kitambaa cha sufi kiasi kwamba nililibandua kwa kidole likatoka kipande kizima, na pesti ya joto ilikuwa imekauka ikawa unga wa kijivu. Katika joto la pwani, prosesa iliyovaa blanketi la namna hiyo hujipunguzia kasi ili isiungue, na mwenye nayo anadhani imezeeka.

Baada ya hayo mawili bado nyuzi nne zilikuwa zinajaa. Hapo ndipo nilipokubali kwamba ni wakati wa kubadilisha prosesa.

Ubao wangu una soketi (kikao cha prosesa) ya LGA1150 na chipseti (chipu inayoongoza ubao) ya Q87. Hii ina maana kwamba unapokea prosesa za Intel za kizazi cha nne, na hapo ndipo mwisho wa njia. Watu wameuziwa Core i7 ya kizazi cha sita kwa ajili ya ubao huu kwa sababu tu zote zinaitwa i7, ilhali hata matundu hayalingani. Kwa hiyo swali halikuwa prosesa ipi ni nzuri duniani. Swali lilikuwa ipi ndiyo kubwa kuliko zote ambazo ubao huu unaweza kuipokea, na je, bei yake ina maana?

Niliyoichagua ni Core i7-4790 ya mwaka 2014. Ina viini vinne kama ile ya zamani, lakini kila kiini kinabeba nyuzi mbili, hivyo zinakuwa nane. Inapanda hadi GHz 4.0, na kache yake, ile kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa, ni megabaiti 8 badala ya 6. Matumizi yake ya umeme ni wati 84, sawasawa na i5 iliyotoka, kwa hiyo feni ile ile na pawa saplai ile ile zinatosha. Ipo pia i7-4790K inayofika GHz 4.4, lakini wauzaji wanaijua thamani yake na ubao wa ofisini hauruhusu kuiongezea kasi zaidi ya hapo, ambayo ndiyo sababu watu wengi huitafuta.

Angalieni sana herufi ya mwisho. Kuna i7-4790S, na kuna i7-4790T ya wati 45 ambayo kasi yake ya msingi ni GHz 2.7 tu. Hii ya T ilitengenezwa kwa ajili ya kompyuta ndogo zinazobanwa nyuma ya kioo, na ukiiweka kwenye mnara wa gemu utajuta. Soma maandishi yaliyochongwa kwenye kifuniko cha chuma cha prosesa yenyewe, si yale yaliyoandikwa kwa kalamu kwenye mfuko. Kama yamefichwa na pesti, mwombe muuzaji kitambaa, na akikataa ondoka.

Matokeo yalikuwaje? Wastani wa fremu ulipanda kidogo tu, na mtu anayepima faida kwa wastani angesema nimepoteza fedha. Lakini mstari wa muda wa fremu, ambao zamani ulikuwa na miiba kama mti wa mgunga, ulinyooka. Kadi ya picha sasa inatumika kati ya asilimia 85 na 95 mahali palepale mjini, na kule kuganda nikikata kona kumekoma isipokuwa mara chache gemu inapopakia eneo jipya. Nyuzi nane katika viini vinne si sawa na viini vinane. Nyuzi za ziada zinajaza tu nafasi ambazo kiini kingekaa bila kazi. Hata hivyo kwa gemu zilizoandikwa kwa kutegemea nyuzi zaidi ya nne, nafasi hizo ndizo zinazotenganisha gemu inayochezeka na inayokera.

Sasa nisikilizeni kwenye suala la bei, kwa sababu hapa ndipo penye uamuzi wenyewe. Kabla ya kulipia i7-4790, uliza bei ya mnara mzima wa mtumba wenye Core i5-8500. Hiyo ni prosesa ya mwaka 2018 yenye viini sita vya kweli, inafika GHz 4.1, inatumia RAM ya DDR4, na inakubaliwa rasmi na Windows 11, ilhali kizazi cha nne hakikubaliwi, na Microsoft ilisitisha huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Ukiuza mnara wako wa zamani ukiwa mzima, ukahamisha kadi ya picha na diski, tofauti unayoongeza inaweza kuwa ndogo kuliko unavyodhani. Mimi nilipata i7 yangu kwa bei nzuri kutoka kwa mtu aliyekuwa anavunja mashine iliyoungua ubao, ndiyo maana hesabu ilinikubali. Ingekuwa ni bei ya dukani, nisingeinunua.

Karibuni kwa maswali. Mwenye swali ataje modeli kamili ya mashine, prosesa, kadi ya picha, idadi ya vijiti vya RAM, gemu anayocheza na kioo chake kina hezi ngapi, yaani kinabadilisha picha mara ngapi kwa sekunde.

Mchangiaji, fundi wa kompyuta

Mkuu, umeeleza vizuri, na mimi nakuunga mkono hasa kwenye suala la vumbi. Naomba niongeze mambo ambayo yamewahi kunisumbua mezani.

La kwanza ni kwamba OptiPlex 9020 iliingia sokoni mwaka 2013, kabla ya i7-4790 kutoka. Mashine ambayo BIOS yake (programu ya ubao inayoiwasha mashine) haijawahi kusasishwa tangu ilipotoka kiwandani inaweza kukataa kuwaka na prosesa hiyo, na mtu akadhani ameuziwa mbovu. Sasisha BIOS ukiwa na prosesa ya zamani bado imo ndani.

La pili ni Xeon E3-1231 v3, ambayo hukuitaja. Ina viini vinne na nyuzi nane, inafika GHz 3.8, inaingia kwenye soketi ile ile, na mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini kuliko i7 kwa sababu wanunuzi hawaijui. Kasoro yake ni kwamba haina sehemu ya picha ndani yake. Siku kadi yako ya picha itakapokufa, kompyuta haitaonyesha chochote kwenye kioo, na hutakuwa na namna ya kujua kama ni kadi au ni ubao. Mwenye kadi ya akiba asiogope. Asiyekuwa nayo ajue anachokinunua, na auone ubao kama wake ukiwaka nayo kabla ya kulipa.

La tatu ni pawa saplai. Dell kwenye ubao huu alitumia plagi yake ya matundu 8, si ile ya kawaida ya matundu 24. Mtu asinunue pawa saplai ya kawaida kwa ajili ya kadi kubwa bila kununua pia waya wa kubadilishia.

Mwenye uzi

Nashukuru sana, fundi. Suala la BIOS nililisahau kabisa kwa kuwa yangu ilikuwa imeshasasishwa na waliokuwa nayo kabla yangu. Naomba wasomaji wote waichukulie hoja hiyo kama sehemu ya maelezo yangu ya mwanzo.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Ahsante kwa darasa, ndugu yangu. Mimi nina mashine niliyoiunga mwenyewe: ubao wa B450, prosesa ya AMD Ryzen 5 2600, RAM ya DDR4 gigabaiti 16 katika vijiti viwili, na kadi ya RX 6600. Kioo changu ni 1080p cha hezi 144. Nikicheza gemu za mashindano, fremu zinashuka hadi 80 na pengine chini ya hapo panapokuwa na watu wengi, na kadi inatumika asilimia 60. Kinachonichanganya ni kwamba Task Manager inaniambia prosesa inatumika asilimia 45 tu. Kama prosesa ina nusu ya nguvu zake haijatumika, vipi iwe ndiyo inayobana? Nimeshauriwa ninunue prosesa ya Ryzen 5 5500, mwingine akasema 5600, mwingine 5700X3D, na wa mwisho akaniambia niuze kila kitu nihamie AM5, soketi mpya ya AMD.

Mwenye uzi

Swali lako ni zuri mno, na naomba nilijibu kwa urefu kwa sababu asilimia hiyo imewapotosha wengi.

Ryzen 5 2600 ina viini sita na nyuzi kumi na mbili. Task Manager inachukua wastani wa nyuzi zote. Uzi mmoja ukiwa umejaa kabisa na mingine kumi na moja imekaa bure, itakuonyesha takriban asilimia 8. Gemu nyingi zina uzi mmoja mkuu ambao hauwezi kugawanywa, na huo ukijaa gemu nzima inausubiri, hata kama iliyobaki inapumzika. Kwa hiyo usiangalie namba ya jumla. Angalia kadi ya picha. Kadi ikiwa asilimia 60, na hujafunga idadi ya fremu kwenye mipangilio, kuna kitu nyuma yake kinachoichelewesha.

Kabla ya kununua, ingia kwenye BIOS uangalie RAM yako inakwenda kwa kasi gani. Vijiti vilivyoandikwa 3200 huanza kwa 2133 au 2400 mpaka uwashe mwenyewe mpangilio wa XMP. Kwenye Ryzen hili lina uzito wa pekee, kwa sababu njia ya ndani inayounganisha sehemu za prosesa inafuata kasi ya RAM. Nimekuta mashine zilizokaa miaka mitatu zikitembea kwa 2133 bila mwenyewe kujua. Kama 2600 yako itasumbua kwenye 3200, jaribu 2933, ambayo ndiyo kasi AMD aliyoitaja rasmi kwa prosesa hiyo.

Sasa tuje kwenye prosesa zenyewe. Katika 2600, viini sita vimegawanywa katika makundi mawili ya vitatu vitatu, na kila kundi lina kache yake ya megabaiti 8. Kiini cha kundi moja kikihitaji kitu kilichoko kundi la pili, safari ni ndefu. Kuanzia kizazi cha Zen 3, ambacho kilitoka mwishoni mwa mwaka 2020, AMD alivunja ukuta huo, na katika Ryzen 5 5600 viini vyote sita vinachangia kache moja ya megabaiti 32. Gemu hupenda mno jambo hili, kwa kuwa data ya gemu hurukaruka na kila mara inapokosekana kwenye kache prosesa hulazimika kuifuata RAM, ambako ni mbali. Ndiyo maana 5600, yenye idadi ile ile ya viini na wati zile zile 65, inaiacha 2600 nyuma kwa mbali.

5500 inafanana nayo kwa jina, ila kache yake ni megabaiti 16 tu. Usiichukue isipokuwa tofauti ya bei ni kubwa kweli. Mtego kama huo upo kati ya 5700 na 5700X: isiyo na X ina megabaiti 16, yenye X ina 32. Herufi moja, nusu ya kache.

5700X3D ni jambo jingine. Ilitoka Januari 2024 ikiwa na viini vinane na megabaiti 96 za kache, kwa kuwa tabaka la ziada la kache limebandikwa juu ya prosesa. Mkubwa wake kwa kasi na kwa umri ni mmoja: 5800X3D ya Aprili 2022 ina kache ile ile na inafika GHz 4.5 badala ya 4.1. Kwa gemu hizi ndizo bora kabisa kwenye soketi ya AM4, na kwenye gemu za kuigiza urubani, mbio za magari na zile za kujenga miji tofauti yake huonekana waziwazi. Lakini haziji na feni, wakati 5600 ya kwenye boksi inakuja nayo, na kadi yako ya RX 6600 haina nguvu ya kutumia tofauti hiyo katika gemu nyingi. Kwa mashine yako, kwa jinsi ulivyoieleza, ningenunua 5600 na kuweka akiba kilichobaki. Kama unajua kwamba mwaka ujao utanunua kadi kubwa zaidi, na ukaipata ya X3D kwa bei isiyotisha, hapo sitakuzuia.

AM5 ni nzuri, ila maana yake ni prosesa mpya, ubao mpya na RAM mpya ya DDR5 kwa wakati mmoja. Hiyo ni kompyuta mpya, na iamuliwe kama kompyuta mpya.

Fundi ametaja BIOS, nami nasisitiza kwako zaidi kwa sababu B450 ni ubao wa mwaka 2018 na prosesa za 5000 zilikuja baadaye. Nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji wa ubao wako, fungua orodha ya prosesa zinazokubalika, uone 5600 imeanza na toleo lipi la BIOS. Sasisha huku 2600 ikiwa bado imo. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo ubao unaweza kufa moja kwa moja, kwa hiyo usijaribu bila UPS, na usianze jioni katika mtaa ambao umeme wake unayumba.

Na wakati wa kutoa feni, usiivute kwenda juu. Soketi ya AM4 inaishika prosesa kwa vijipini vya prosesa yenyewe, na pesti ya zamani hushika kama gundi, hivyo ukivuta kwa nguvu prosesa inang'oka ikiwa imening'inia kwenye bati la feni, na vijipini vinapinda. Cheza gemu kwa dakika kumi na tano ili pesti ilainike, zima, chomoa waya wa umeme, legeza skrubu, kisha zungusha feni taratibu kulia na kushoto mpaka uisikie imeachia. Ndipo uinue.

Mchangiaji wa tatu

Wakuu, mimi ninayo HP Compaq Elite 8300 yenye i5-3470. Je, nikiweka i7-3770 nitasogea?

Mwenye uzi

Utasogea kama nilivyosogea mimi, lakini sikushauri. Prosesa za kizazi cha tatu hazina amri za AVX2, ambazo Intel alizileta kwenye kizazi cha nne, na zipo gemu mpya zisizofunguka kabisa bila amri hizo. Hilo halitatuliwi na i7 ya kizazi hicho hicho. Kama unacheza gemu za zamani tu na mtu anakupa i7-3770 kwa bei ya bure, chukua. Vinginevyo kusanya fedha kwa ajili ya mnara wa kizazi cha nane.

Mchangiaji wa nne

Kuna jamaa ananiuzia seti ya ubao wa X99 kutoka China pamoja na Xeon E5-2680 v4. Viini kumi na vinne, nyuzi ishirini na nane, bei ndogo. Hii si inazipiga zote mlizotaja?

Mwenye uzi

Kwa kutengeneza video au kuendesha kazi nyingi kwa pamoja, inaweza kukufaa. Kwa gemu, hapana. Kasi yake ya juu kabisa ni GHz 3.3, na nimeshaeleza hapo juu kwamba gemu inasubiri uzi mkuu mmoja. Viini kumi vitakaa bila kazi huku kimoja kikihema. Prosesa hiyo pia inatumia wati 120, ambazo utazilipia kwenye luku kila mwezi.

Nitumie nafasi hii kuongeza jambo moja kwa wanaofikiria kadi ya picha badala ya prosesa. Msinunue kadi bila kufikiria umri wa prosesa iliyo nyuma yake. Intel Arc B580 ilipotoka Desemba 2024 ilisifiwa kwa bei yake, lakini wapimaji waliojaribu kuiweka kwenye prosesa za zamani, ikiwemo Ryzen 5 2600 kama ya ndugu yetu wa Mombasa, waliona nguvu zake zinashuka vibaya, kwa sababu draiva yake (programu inayoiendesha kadi) wakati huo ilikuwa inaipa prosesa kazi nyingi. Vivyo hivyo kadi ya RX 6500 XT inatumia njia nne tu za PCIe, yaani muunganisho wa kadi na ubao, na kwenye ubao wa PCIe 3.0 unaikata mguu mmoja.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Nimerudi na majibu, ndugu zangu. RAM yangu kweli ilikuwa inakwenda 2133 tangu nilipoiunga. Nilinunua 5600, nikasasisha BIOS mchana nikiwa na UPS, feni nikaizungusha ikaachia bila taabu. Kadi sasa inafika asilimia 95, na pale palipokuwa panashuka hadi 80 hapashuki chini ya 120. Jambo moja lilinishtua: nilipowasha kwa mara ya kwanza palitokea maandishi kwamba prosesa mpya imewekwa na fTPM imebadilika, nibonyeze Y au N. Niliogopa nikabonyeza N, ikawaka. Je, nilikosea?

Mwenye uzi

Hukukosea, na nafurahi sana kwa ajili yako. Maandishi hayo yanaonekana kwa sababu funguo za usalama za fTPM zilikuwa zimefungamanishwa na prosesa ya zamani. Ukibonyeza Y, BIOS inazifuta na kuanza upya, na ndivyo utakavyofanya hatimaye ili Windows 11 iitambue fTPM. Lakini kabla ya hapo fungua mipangilio ya Windows uangalie kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, ulinzi wa Windows unaoficha data za diski. Ikiwa imefungwa, chukua ufunguo wa kuirejesha, uuandike kwenye karatasi, uulinganishe tarakimu kwa tarakimu, ndipo uzime na kuwasha na kubonyeza Y. Zipo kompyuta ambazo BitLocker ilijiwasha yenyewe mwenye kompyuta alipoingia kwa akaunti ya Microsoft, kwa hiyo usiseme hukuiwasha, angalia.